Nyasi Alizonyimwa Mjomba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Buhongwa, Mwanza, kabla haijawa mji, nyasi zilifungwa kama duka. Mvua za masika zikianza tu, baba alizunguka mteremko wote ulio nyuma ya nyumba yetu, akafunga mafundo ya majani kwenye vichaka vya mpakani, basi. Hapakuwa na seng'enge wala mlinzi. Kuanzia siku hiyo hakuna ng'ombe aliyekanyaga humo mpaka kiangazi kikolee na malisho mengine yote yaishe. Hiyo ndiyo ngitili. Msukuma wa umri wangu hahitaji kuelezwa, lakini naeleza kwa ajili ya watoto wetu, maana juzi juzi binti wa mdogo wangu aliniuliza, "Shangazi, ngitili ni aina ya ugali?" Nikamtazama, nikaitazama simu yake kubwa kama sinia, nikameza nilichotaka kusema.

Watu wanadhani ngitili ilikuwa ya ng'ombe tu. Sisi watoto tuliishi humo. Ng'ombe walikatazwa, sisi tuliruhusiwa, ilimradi tusikate mti mbichi na tusiwashe moto. Tulicheza kombolela kwenye nyasi zilizotupita kimo, na aliyejificha vizuri aliweza kusahauliwa humo mpaka ng'ombe wanarudi zizini. Tulichuma furu, yale matunda madogo meusi ya porini, midomo ikawa myeusi. Tulinyonya ukwaju mpaka meno yakafa ganzi. Mvua ikinyesha tulikimbilia vichuguuni kutafuta uyoga, na aliyeuona wa kwanza aliukalia kama kuku anayeatamia ili wakubwa wasimpore. Mama alitoa humo kuni kavu, nyasi za kuezekea, na mizizi ya kumchemshia mtoto anayeumwa tumbo. Baba alitundika mizinga yake juu kule kwenye mawe, walikokaa pimbi, na siku ya kurina asali hatukuhitaji kuitwa mara mbili. Jioni tulikuta matobolwa yameiva, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa, tunavila na karanga huku miguu inawasha kwa upupu. Hakuna aliyetuambia kwamba tumepewa kitu. Tulidhani watoto wote duniani wana mteremko wao.

Chini ya mteremko ndiko kilikokuwa kisima, na namshukuru Mungu kwamba hadi leo kipo. Maji yake yanatoka katikati ya majabali mawili, baridi, meupe, hata jua likiwa la kupasua vichwa. Shuleni tulitakiwa kwenda na dumu la maji kila asubuhi, na walimu waligombea dumu la watoto wa kwetu kwa ajili ya chai yao. Baba alikuwa akisema, "Maji haya yanatoka kwenye nyasi." Sisi tunacheka. Masanja, kaka yetu mkubwa, aliwahi kung'oa tita la nyasi akalikamua mbele ya baba kuonyesha kwamba halitoi kitu. Baba naye akacheka, akasema, "Mvua ikija kwa hasira, nyasi zinaishika mkono. Inateremka polepole, inaingia ardhini. Toa nyasi uone." Hatukuzitoa, kwa hiyo hatukuona. Kuona tumekuja kuona ukubwani.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Nilikuwa darasa la tano. Vuli haikunyesha, masika yakaja na kuondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mahindi yalikauka yakiwa yamenifika magotini tu. Majani ya njiani yaliisha, majani ya bondeni yakaisha, ng'ombe wakaanza kula mabua ya paa la jiko. Kitu pekee kilichosimama kikiwa na rangi ya nyasi ni ngitili, yetu na za majirani waliopakana na sisi kwenye mteremko uleule. Wazee wa kaya hizo walikaa na baba wakakubaliana: hakuna kufungua mpaka mwezi fulani uandame. Wakifungua mapema, nyasi zitaisha, kwato zitavuruga udongo, na mbele kumebaki kiangazi kirefu. Nakumbuka jinsi ng'ombe wetu wenyewe walivyosimama mpakani wakinusa upande wa pili. Mbavu zao zilihesabika. Baba aliwapiga kwa fimbo kuwarudisha, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya zizi.

Siku moja mchana tukaona vumbi linakuja kutoka barabara ya Shinyanga. Alikuwa mjomba Luhende, kaka wa tumbo moja na mama, ametoka upande wa Kwimba na ng'ombe wake wote. Kwa kweli sijui niseme walikuwa ng'ombe au ngozi zinazotembea. Mjomba huyu ndiye aliyekuwa akituletea michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na nsansa, majani ya kunde makavu, kila mwaka, ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole. Tulimkimbilia, "Shikamoo mjomba!" Akaitika marahaba bila kututazama. Alikuwa anatazama nyasi.

"Shemeji, nimekuja," alimwambia baba.

"Karibu shemeji. Wewe nyumba ni yako. Wapumzishe vijana wako, mle, mlale."

"Mimi nitalala popote. Hawa je?"

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama na birika la maji ya kumnawisha kaka yake, na sufuria la matobolwa lilikuwa linatoa mvuke nyuma yake. Wasomaji wangu mnajua kumkatalia shemeji ni jambo gani. Mwanaume anaweza kumkatalia mtendaji, anaweza kumkatalia padri, lakini kaka wa mkewe, mbele ya mkewe, amesimama uani na njaa!

"Hawa siwezi," baba akasema. "Nyasi hizi zimefungwa kwa ajili ya kaya zote hizi. Nikimwingiza wa kwako leo, kesho sina kinywa cha kumzuia jirani. Zitaisha kabla mwezi haujaisha, na wa kwako watakufa hapa pamoja na wa kwangu."

Mama akasogea na birika. "Kaka, nawa kwanza ule." Mjomba akarudisha mikono nyuma. Hakunawa. Mama alibaki ameinamisha birika, maji hayatoki, hajui aliweke wapi. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba kuna kitu kimevunjika pale uani.

Alikaa mpakani na ng'ombe wake siku kadhaa, akitumaini baba atalegea. Sikuwahi kusikia sauti kama ile, mlio wa ng'ombe wanaonusa chakula wasichopewa, asubuhi hadi jioni. Shija, mdogo wangu, aliziba masikio kwa pamba akaenda shule nayo. Mama alichukua ndoo akawa anateka maji kisimani na kuwapelekea wale ng'ombe mmoja mmoja, tena na tena, mimi nyuma yake na kidumu changu. Maji yalikuwa yake kuyatoa, nyasi hazikuwa zake. Wengine walikunywa wakaangukia palepale kwenye ndoo. Mwishowe mjomba aliwaswaga waliobaki akarudi alikotoka, na hakuaga. Tulisikia baadaye kwamba hakufika na hata mmoja.

Mwezi ulipoandama baba aliingia ngitilini peke yake alfajiri, akakata nyasi mkono mmoja, akaja akamlisha ng'ombe mzee kuliko wote. Ndipo mpaka ukafunguliwa, sehemu kwa sehemu, kaya kwa kaya. Mteremko mzima ukavuka kiangazi kile. Watu walikuja kumshukuru baba, wakamsifu kwa msimamo wake, naye aliinama tu. Mama alipika kwa ajili ya wageni wale, akawahudumia vizuri, kisha akaingia ndani akajifunga. Mjomba Luhende hakukanyaga tena kwetu mpaka alipokufa. Michembe yake iliisha kwenye kibuyu, na mama hakuwahi kutaja jina lake tena.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu mwezi huu Masanja alinipigia simu. Mimi naishi Pasiansi, nina cherehani zangu na mabinti ninaowafundisha kushona. Akaniambia, "Kabula, njoo Jumamosi nyumbani, tuna kikao. Kuna mtu anataka ule mteremko. Apime viwanja."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Baba alishafariki, ng'ombe walishakwisha, lakini mama kila mwaka mvua zikianza ameendelea kufunga yale mafundo ya majani vichakani, peke yake, macho yake hayaoni vizuri, anapapasa tu. Tulimwona kama anajiliwaza. Zile ngitili nyingine za mteremko zimeshauzwa na watoto wa wale wazee, moja baada ya nyingine, zikakwanguliwa na katapila mpaka mfupa wa ardhi ukaonekana. Siwalaumu waliojenga, watu lazima walale mahali. Lakini mvua ya kwanza baada ya katapila ilishuka pale kama imetumwa. Iliingia kwa watu mlango wa mbele ikatokea wa nyuma na masufuria. Visima vyao viwili vilijaa tope, na sasa akina mama wanasimamisha maguta, zile baiskeli za matairi matatu za kuuza maji, kama wanavyosimamisha bodaboda. Badala ya kuni wanunue mkaa, uyoga wanunue sokoni, dawa ya tumbo dukani, asali ya chupa ambayo ukiilamba unajua nyuki hana habari nayo. Vitu vilivyokuwa vinakuja vyenyewe! Na mimi huku Pasiansi mvua ikinyesha naliona ziwa linavyobadilika rangi ufukweni, la kahawia kama chai ya maziwa, nasema hilo ni shamba la mtu linakwenda zake.

Mteremko uliobaki na nyasi ni wetu tu. Na kisima kilichobaki na maji meupe ni kile kilicho chini yake. Mama anakunywa maji hayo, na nusu ya mtaa inakuja kuteka.

Jumamosi nilifika mapema, nikapitia nyuma. Vigingi vya mpima ardhi vilikuwa vimeshapigwa ndani ya nyasi, vyenye rangi nyekundu kichwani, kamba imevutwa kutoka kimoja hadi kingine kukata ngitili vipande vipande kama andazi. Kikao bado, vigingi tayari! Niliingia uani nikiwa nimeshapandisha hasira.

"Shikamoo kaka. Ni nani ameruhusu ile kazi huko nyuma?"

"Marahaba. Kaa kwanza, Kabula," Masanja akasema. "Ni kuangalia tu vinatoka vingapi."

Masanja ni mwalimu mstaafu, mtu wa amani, na kosa lake ni kwamba anapenda kila mtu aondoke ameridhika. Aliyekuwa hajaridhika ni Shija. Ana karakana ya kuchomelea mageti kule Igoma, mwenye eneo amempa notisi ahame, na wateja wanadai mageti yao. Alizungumza bila kuficha, na ukweli ni kwamba sikuweza kumwona mbaya.

"Dada, wewe unakumbuka furu na uyoga. Mimi nina watoto wanne na mashine zinaenda kukaa barabarani. Ile ni nyasi. Haina ng'ombe, hailimwi, haizai. Huyo mpima alipita akaandika nyumba, akaandika miembe, kule nyuma akaandika pori tupu. Sasa pori tupu linatulisha nini?"

"Linakunywesha," nikasema. "Hata chai uliyoshika."

"Tutamvutia mama bomba."

"Bomba la kwako Igoma linatoka siku ngapi kwa wiki, Shija?"

Masanja akanyoosha mikono kututuliza. Kijana wa Shija, mwanawe aliyekuja naye, alikuwa amesimama mlangoni anairekodi ngitili kwa simu, anasema kuna mwonekano mzuri, nikatamani kumtupia kiatu. Mama muda wote huo alikuwa amekaa kwenye mkeka wake anamenya karanga. Tulikuwa tunagombana juu ya kichwa chake kama hayupo. Nikawaambia ndugu zangu, na nilikuwa sijapanga kusema hivyo, kwamba nyuma ya nyumba yangu Pasiansi pana uwanja wa kutosha mashine za Shija, alete kesho. Majirani zangu watanichukia kwa kelele, na mabinti zangu watashona huku wanaziba masikio, lakini alete. Shija akasema wateja wake wako Igoma, nani atamfuata Pasiansi. Akasimama. Akamwambia Masanja, "Kaka, wewe ndiye mkubwa. Sema tumalize." Masanja akafungua mdomo, na nilijua kabisa atasema nini, maana mtu aliyeshindwa kukataa vigingi hawezi kukataa kitu kingine.

Hapo mama akaacha karanga.

"Nani kafungua?" akauliza.

Tukamgeukia.

"Asubuhi nimekwenda kupapasa mafundo yangu. Nimekuta kamba. Nauliza, ngitili yangu nani kaifungua?"

"Hakuna aliyefungua, mayu," Masanja akasema kwa upole. "Ni mtu wa kununua alitaka kuona."

"Mnamjua?"

"Hapana, mama. Ni mtu wa mjini tu."

Mama alikung'uta maganda kwenye kanga yake, taratibu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, mpaka kijana pale mlangoni akashusha simu ili asikie.

"Mimi sijui hesabu zenu. Najua kaka yangu Luhende alisimama hapo uani na ng'ombe wake, na baba yenu akamnyima nyasi hizi. Nilimchukia baba yenu. Nilimchukia miaka mingi, hata alipokuwa anaumwa nikimwogesha, nilikuwa bado nimekasirika. Lakini nilijiambia, alichokosa kaka yangu ni kitu ambacho hapewi mtu. Hapewi ndugu, hapewi rafiki, ni cha wote wa hapa. Hivyo tu ndivyo nilivyoweza kukaa katika nyumba hii." Akapangusa macho kwa kiganja. "Sasa mkimpa mtu msiyemjua hata jina, basi niambieni. Niambieni ng'ombe wa kaka yangu walikufa kwa ajili ya nini."

Masanja, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa analia wazi. Kwa miaka yote hiyo tulidhani mama amesahau jina la kaka yake, kumbe kila mwaka alipokuwa akifunga yale mafundo alikuwa naye. Masanja akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukasikia kigingi kikigongwa huku na huku ili kilegee, kisha kingine, kisha kingine. Alirudi amevikumbatia vyote na kamba yake, nguo zake zimejaa mbegu za nyasi, akavibwaga mbele ya jiko. Mama aliviweka chini ya sufuria, rangi nyekundu ikapiga moshi mbaya mwanzoni, kisha matobolwa yakaanza kuchemka.

Siwezi kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha. Mnunuzi atarudi, na akija yeye au mwingine mama hatakuwepo siku zote kumuuliza nani kafungua. Enzi zetu hilo swali lilitosha kumsimamisha mwanaume mwenye fimbo na ng'ombe mia. Leo watoto wetu wanaweza kukutajia urefu na upana wa kiwanja chochote Mwanza nzima, lakini ukiwauliza maji ya kunywa yanatoka wapi watakuonyesha duka. Natamani ningeweza kuwarudisha humo siku moja tu, wapotee kwenye nyasi, watoke na midomo myeusi.

Shija alikuwa bado amesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi, uso ameugeuzia barabarani. Nilijua akiondoka hivyo hatarudi, maana nimeshawahi kumwona mtu akiondoka hivyo pale pale. Mama akapakua. Akanyanyua birika la maji ya kisimani, akapapasa njia kwa miguu mpaka akamfikia, akaliinamisha.

"Nawa ule, mwanangu."

Akasubiri. Birika lilikuwa limejaa, zito mkononi mwake, na mimi sikuthubutu kwenda kumsaidia. Shija aliyatazama yale maji yanayotaka kumwagika, akautazama mteremko, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.